Mwenge wa Gesi: Tunaogopa Unaowaka, Tunasahau Uliozimika

Tangu Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar izindue duru ya kwanza ya kunadi vitalu vya mafuta na gesi mwezi Machi 2024, vitalu 8 vya baharini kwa mkupuo mmoja, mazungumzo ya barazani yamegawika mafungu mawili, na yote mawili yanatazama juu, penye moto. Fungu la kwanza limebeba picha za Niger Delta, eneo la mafuta la Nigeria, miali inayowaka usiku na mchana juu ya vijiji, na linataka iandikwe marufuku isiyo na mlango: gesi isichomwe, basi. Fungu la pili linauona moto huo kuwa bishara njema, na hoja yake yote huingia katika sentensi moja: moto usio na moshi hauna madhara.

Naona mafungu yote mawili yanatazama pasipo. Mwali mkubwa unaoonekana toka ufukweni una kasoro zake, lakini angalau unajitangaza wenyewe. Kinachostahili kutunyima usingizi ni mwenge, yaani mnara wa kuchomea gesi ya mtambo, uliozimika huku gesi ikiendelea kutoka, na ule unaowaka nusunusu ambao kwa macho unaonekana msafi. Jicho la mtu haliwatambui wawili hao. Satelaiti nazo zinawatambua kwa taabu wakiwa baharini. Wanajulikana kwa vifaa tu, na vifaa hivyo lazima viwe vimechorwa kwenye ramani ya mtambo kabla bomba la kwanza halijaunganishwa. Kwa hiyo hili ni jambo la wakati huu wa kuandika mikataba. Kulingoja mpaka gesi ipatikane ni kuchelewa.

Nasema "mwenge" kwa kukosa jina jepesi zaidi, na msomaji asiuchanganye na ule unaokimbizwa mikoani kila mwaka. Katika mtambo wa gesi, vali za usalama za mapipa na mabomba yote humwaga kwenye bomba kuu moja. Bomba hilo hupita katika pipa la kutenga majimaji, halafu katika kizibo cha maji kinachozuia moto kurudi nyuma, kisha hupanda mnara mpaka kinywani, ambako vimoto vidogo vya kuwashia, mafundi huviita pailoti, vinangoja. Shinikizo likipanda ghafla, gesi inapata pa kukimbilia na inaungua juu, mbali na watu. Huko Bhopal, India, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, mnara wa kuchomea ulikuwepo, lakini kipande cha bomba linalouunganisha kilikuwa kimeondolewa kwa ajili ya matengenezo, na gesi ya sumu ikaenda kwa watu waliolala. Huko Texas City, Marekani, tarehe 23 Machi 2005, mnara wa kutenganishia mafuta katika kiwanda cha kusafishia ulijazwa kupita kiasi, na majimaji yakafurika kupitia bomba la wazi ambalo halikuwa limeunganishwa na mwenge. Wingu la mvuke likashika moto, watu 15 wakafariki na 180 wakajeruhiwa. Anayetaka marufuku kamili inambidi kwanza azijibu habari hizo mbili.

Uchomaji wa mazoea ni jambo jengine kabisa, na hapo fungu la kwanza lina haki. Mafuta hutoka ardhini pamoja na gesi yake. Kampuni inayataka mafuta, gesi haina soko la karibu, basi inachomwa miaka nenda miaka rudi. Kwa makadirio ya Benki ya Dunia, mwaka 2024 ulimwengu ulichoma mita za ujazo bilioni 151 kwa njia hii na nyenginezo. Nigeria iliandika sheria dhidi ya uchomaji huo mwaka 1979, ikaweka mwisho uwe mwaka 1984, na mpaka leo gesi inawaka, kwa kuwa kwa miongo mingi vibali vilitolewa na faini ilikuwa nyepesi kuliko gharama ya kompresa, mashine ya kuikandamiza gesi. Kanuni zake za mwaka 2018 zilipandisha faini hadi dola 2 kwa kila futi za ujazo 1,000 kwa wazalishaji wakubwa. Norway, iliyoanza kuzalisha mafuta mwaka 1971, ilikwenda njia nyengine: kuchoma kwa dharura kunaruhusiwa, kinachozidi hapo kinaombewa kibali chenye kiwango, na tangu 1991 kinatozwa kodi kwa mita ya ujazo. Msomaji aangalie neno "mita" hapo. Kodi ya namna hiyo haitozwi kwa kukisia, na tofauti kubwa baina ya nchi hizo mbili, kwa mtazamo wangu, imeanzia kwenye kipimo kabla haijafika kwenye ukali wa sheria.

Sisi tuko mbali na uchomaji wa mazoea. Mwali wa kwanza katika bahari yetu utatoka kwenye majaribio ya kisima. Si kwamba uchimbaji ni mgeni hapa: BP na Shell walichimba Unguja na Pemba mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na mafuta yanayojichuruza yenyewe Tundaua yanajulikana siku nyingi. Lakini kisima cha baharini kikionyesha dalili, kampuni hutaka kukifungulia kwa saa kadhaa au siku chache ili ipime shinikizo na mtiririko, na kwa kuwa bomba la kupeleka gesi pwani halipo, kinachotoka huchomwa pale pale melini. Meli ya kuchimba hubeba mikono miwili mirefu ya chuma, mmoja kila ubavu, na kichomeo kwenye ncha. Upepo ndio huamua mkono upi utumike. Kusi ikivuma unachagua ubavu mmoja, kaskazi unachagua mwengine, na wakati wa maleleji, upepo unapogeuka bila ya kuaga, unahitaji mtu macho na vali ya kubadilisha ubavu iliyojaribiwa kabla.

Kisima kikiwa na mafuta pamoja na gesi, hatari ya jaribio hilo ni matone. Mvuvi wa dagaa aliyetumia karabai kabla ya kuja taa za sola anaijua habari hii kwa vidole vyake. Karabai isiyopashwa moto vizuri haigeuzi mafuta kuwa mvuke. Inawaka moto mwekundu, inapiga moshi, inatema mafuta mabichi. Kichomeo cha meli ni karabai kubwa. Mafuta lazima yapasuliwe kuwa ukungu mwembamba kwa hewa ya kompresa, na hewa ikipungua, nozeli ikiziba kwa mchanga wa kisima, au mtiririko ukishuka chini ya kile kichomeo kilichotengenezewa, matone yasiyoungua huanguka baharini na kutandaza utando. Nyakati mbaya zaidi ni mbili: dakika za mwanzo, kisima kinapotapika mchanganyiko wa maji, matope ya kuchimbia na gesi, na dakika za mwisho kinapofungwa. Utaratibu mzuri ni kuyakusanya majimaji ya mwanzo kwenye tangi, kuwasha pailoti kabla vali ya kisima haijafunguliwa, kuweka pazia la maji baina ya moto na meli, na kuwa na boti upande wa chini ya upepo inayotazama uso wa bahari. Na mamlaka ina haki ya kuuliza swali la mapema zaidi: jaribio hili la lazima? Vipo vifaa vinavyoshushwa kisimani kwa waya vikapima shinikizo na kuchukua sampuli bila ya kuchoma chochote. Havijibu maswali yote, hasa lile la ukubwa wa hifadhi iliyoko mbali na kisima, lakini yapo mengi vinavyoyajibu, na kampuni ndiyo inayopasa kueleza kwa nini havitoshi.

Joto nalo lina hesabu yake. Kiwango cha API 521, cha Taasisi ya Petroli ya Marekani, kinachofuatwa na wasanifu wengi, huweka kilowati 1.58 kwa mita ya mraba kuwa kikomo cha mahali ambapo mtu anaweza kukaa muda wote, na 4.73 kwa mfanyakazi mwenye nguo za kazi anayefanya kazi ya dharura ya dakika 2 au 3. Jua la saa sita mchana kwenye bahari yetu peke yake hukaribia kilowati 1. Msanifu aliyezoea mawingu ya Bahari ya Kaskazini asipolijumuisha jua katika hesabu, kikomo chake cha karatasini kitakuwa kimevukwa kwenye sitaha. Eneo la usalama la mita 500 ambalo sheria ya bahari inaruhusu kuzunguka mtambo linatosha kwa joto hilo, lakini wavuvi wanapaswa kuambiwa lilipo kabla hawajalikuta.

Sasa turudi kwenye mwenge wa mtambo wa kudumu, kwa sababu huko ndiko udanganyifu wa macho ulipo. Kila pailoti huwekewa kipimajoto cha waya ndani yake. Kikiwa na joto, chumba cha udhibiti husoma kwamba moto upo. Kikipoa, kengele hulia. Ni kifaa chepesi, na ubovu wake unajulikana. Waya umekaa ndani ya moto miezi na miaka, kwa hiyo mara nyingi hukatika wenyewe huku pailoti ikiwaka vizuri. Kengele inalia, mwendeshaji anachungulia nje, anaona moto, anaizima kengele. Wiki ijayo inalia tena. Mwezi wa tatu hakuna anayechungulia. Upo na ubovu wa kinyume chake: mwali mkuu huukanza waya hata baada ya pailoti kufa, chumba kinasoma "ipo", na siku mtiririko wa gesi ukipungua mwali mkuu unazimika na hakuna cha kuuwasha tena. Mnara haupandwi ukiwa unafanya kazi, kwa hiyo waya uliokatika hukaa hivyo hivyo mpaka mtambo usimamishwe. Dawa yake inajulikana na si ghali: waya mbili kwa kila pailoti, au waya unaoweza kuvutwa chini ukabadilishwa, kamera ya joto iliyoelekezwa kinywani toka chini, chujio kwenye bomba la gesi ya pailoti, kwani tundu lake ni dogo na uchafu kidogo tu huliziba, na kiwashio kinachojaribu chenyewe moto unapopotea. API 537 inataka pailoti ihimili upepo wa kilomita 160 kwa saa pakiwa pakavu, na 140 pamoja na mvua ya milimita 50 kwa saa. Aliyekuwepo kimbunga Hidaya kilipotukaribia Mei 2024 ataona kwamba hilo si sharti la kupamba karatasi.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya moto usio na moshi. Moshi mweusi huonekana, watu hulalamika, wadhibiti huandika kanuni dhidi yake. Marekani, kwa mfano, inaruhusu moshi usiozidi dakika 5 katika kila saa 2. Mwendeshaji anayeogopa faini hufungua mvuke au hewa kwenye kinywa cha mwenge ili moshi ukatike, na akishafungua hana haraka ya kupunguza. Mvuke ukizidi, moto unapozwa na gesi inachanganywa mpaka haiungui; mwali unakuwa mweupe, karibu hauonekani, mzuri wa kupigia picha, huku sehemu ya gesi inapita mbichi. Gesi yenye naitrojeni au kaboni dayoksaidi nyingi huleta matokeo hayo hayo. Ndiyo maana kanuni za Marekani zinataka gesi inayofika kinywani iwe na nishati isiyopungua megajuli 7.45 kwa mita ya ujazo kwa mwenge usiosaidiwa, na 11.2 kwa unaosaidiwa na mvuke au hewa. Ndege za utafiti zilipopita juu ya mienge ya maeneo matatu makubwa ya mafuta ya Marekani, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba methani iliyoteketea kweli ni asilimia 91.1, wakati hesabu za kiserikali zilichukulia 98. Pengo hilo lilitokana na mienge inayowaka vibaya pamoja na ile iliyokuwa imezimika kabisa.

Asilimia 7 inasikika kidogo mpaka uipigie hesabu. Chukua mwenge unaopokea futi za ujazo milioni 1 kwa siku, sawa na mita za ujazo 28,300, tuseme ni methani tupu. Hizo ni takriban tani 19. Kwa ufanisi wa asilimia 98, hutoroka kama kilo 380. Kwa 91, hutoroka tani 1.7, zaidi ya mara nne. Katika kipindi cha miaka 20 kila tani ya methani hupasha dunia joto kama tani 80 na kitu za kaboni dayoksaidi. Kwa hiyo mwenge huo, kwa macho ule ule, ukijumlisha na kaboni dayoksaidi ya gesi iliyoungua, unageuka kutoka sawa na tani 83 za kaboni dayoksaidi kwa siku kwenda tani 190. Ukizimika kabisa ni zaidi ya tani 1,500, na hakuna anayeona kitu. Tena gesi ikiwa na sulfidi hidrojeni, mwenge uliozimika humwaga sumu inayoua kwa pumzi chache, nzito kuliko hewa, ikishuka kuelekea sitahani.

Wapo wanaosema tusihangaike, satelaiti zitatufanyia kazi. Hoja hii ina uzito, na bila ya satelaiti takwimu za dunia zingebaki ahadi za kampuni. Kifaa cha satelaiti kiitwacho VIIRS, kilichorushwa angani kwa mara ya kwanza mwaka 2011, hupita juu yetu usiku wa manane na kuona miali kwa joto lake. Lakini kinaona kinachowaka. Mwenge uliozimika kwake ni giza. Mawingu ya masika hukiziba, na jaribio la kisima la saa chache linaweza kuanza na kwisha baina ya mapito mawili. Satelaiti za methani ndizo zingetusaidia kwa mwenge uliozimika, ila zinategemea mwanga wa jua unaorudishwa na ardhi, na bahari huumeza karibu wote isipokuwa pale jua linapomeremeta juu ya maji kwa pembe maalumu. Vitalu vyetu 8 vyote vimo majini.

Kinachobaki ni mita mtamboni. Kwa mwenge inafaa mita ya mawimbi ya sauti, kwa kuwa haina kitu kinachozuia njia na inaweza kusoma mtiririko wa kunong'ona pamoja na ule wa dharura. Ila inataka bomba lililonyooka: desturi ni urefu wa vipenyo 20 kabla ya mita na 10 baada yake. Kwa bomba la inchi 24 hizo ni mita 12 na 6, jumla 18 bila kona wala vali. Kwenye jukwaa la baharini, ambako kila mita inagombaniwa, nafasi hiyo hupatikana mchoro ukiwa bado penseli. Ukiiomba miaka mitano baadaye, utaletewa mita iliyobanwa baada ya kona, inayosoma ukweli kwa bahati. Pamoja nayo kiwepo kichambuzi cha gesi, maana wingi bila kujua kilichomo hautoi ufanisi. Mkataba utaje na kiwango cha makosa kinachokubalika. Kanuni za Ulaya za soko la hewa ukaa, kwa daraja lake la juu, zinaruhusu asilimia 7.5 kwa mienge.

Majimaji nayo hayasemwi barazani, na ndiyo yaliyolipua kiwanda cha Milford Haven, Wales, tarehe 24 Julai 1994. Pipa la kutenga majimaji la mwenge lilijaa kwa sababu mfumo wake wa kulimwaga ulikuwa umebadilishwa ukawa wa polepole. Majimaji yakaingia kwenye bomba lisilotengenezwa kuyabeba, bomba likapasuka, tani 20 za mafuta na gesi zikatoka. Katika dakika 11 za mwisho waendeshaji wawili walipigiwa kengele 275. Somo la kiufundi ni jepesi kulitamka: bomba kuu literemkie pipani, angalau milimita 2 kwa kila mita, lisiwe na bonde, pipa liwe na vipimo viwili vya kina visivyotegemeana, pampu ijiwashe yenyewe, na mtu asibadilishe ukubwa wa pampu bila ya hesabu kurudiwa.

Upo upande unaosema masharti haya yatawafukuza wawekezaji, wakati Zanzibar ndiyo kwanza inaingia sokoni. Siudharau. Duru ya kwanza ina ushindani wa nchi nyingi, na kampuni hupima kila sharti. Lakini kisima kimoja cha bahari ya kina hugharimu makumi ya mamilioni ya dola, na mita, kichambuzi na kamera ni sehemu ndogo sana ya jukwaa. Kampuni zinazofanya kazi Norway zimeshazizoea. Kinachozikera zaidi ni sharti linalokuja baada ya kusaini, na hilo ni sababu ya kuliweka sasa.

Sheria ya Mafuta na Gesi ya Zanzibar ya mwaka 2016 ndiyo iliyotupa mamlaka yetu wenyewe ya kudhibiti mafuta na gesi, na ZEMA, mamlaka ya usimamizi wa mazingira, ipo kwa mazingira. Lililo baina yao, yaani nani anaipokea kengele ya pailoti saa nane usiku, ndilo ningependa kuliona limeandikwa. Takwimu za mita zifike kwa mdhibiti moja kwa moja, dakika 15 kwa dakika 15, kabla kampuni haijazipiga pasi. Kila saa ambayo mwenge ulikuwa hauna moto ihesabiwe kama gesi yote iliyopita imetoka mbichi, na itozwe hivyo, ili mwenye mtambo awe wa kwanza kutaka waya zake ziwe nzima.

Na mwanga wenyewe usisahauliwe. Huko Saint John, Kanada, Septemba 2013, mwenge wa kituo cha gesi uliua ndege wahamaji wapatao 7,500 katika usiku mmoja wa ukungu. Sisi tuna kasa wanaozaa kisiwani Misali, na vifaranga vyao hufuata mwanga kuelekea baharini. Tuna wavuvi wa dagaa wanaongoja giza la mwezi ili taa zao zivute samaki. Jaribio la kisima likipangwa usiku wa mwezi mpevu, wakati nyavu za dagaa zimo nchi kavu kwa hali yoyote, halimgharimu mchimbaji zaidi ya kuitazama kalenda. Sheha wa shehia ya pwani anahitaji ujumbe wa simu wenye mambo manne: tarehe, saa, ubavu wa meli utakaowaka, na namba ya kupiga mtu akiona utando juu ya maji.